Roketi ikiharibika, wanaanga watatokaje?

Kila siku ya kurusha roketi yenye watu inapokaribia, swali linalozunguka ni lilelile: je, italipuka? Wanaouliza wana haki ya kuwa na wasiwasi. Falcon 9, roketi ya kampuni ya SpaceX, ikishajazwa tayari kuruka ina karibu tani 500 za mafuta ya taa yaliyosafishwa na oksijeni ya kimiminika, na juu yake wameketi watu wanne. Lakini swali hilo halina jibu la kumsaidia mtu, maana hakuna roketi isiyoweza kulipuka. Yapo mawili yenye faida zaidi. La kwanza: katika kila sekunde, tangu mlango wa chombo unapofungwa mpaka chombo kinapoingia kwenye mzingo, roketi ikiharibika watu hao watatolewa vipi? La pili: nani ana mamlaka ya kusema "simama" kabla haijaharibika, na akisema, atasikilizwa?

Tuanzie chini, jukwaani, maana watu wengi hudhani hatari inaanza roketi inaponyanyuka.

Usiku wa tarehe 26 Septemba 1983, huko Baikonur, Kazakhstan, Vladimir Titov na Gennady Strekalov walikuwa ndani ya chombo cha Soyuz wakisubiri kuruka. Zikiwa zimebaki kama sekunde 90, vali moja haikufunga inavyotakiwa, mafuta yakamwagika chini ya roketi na moto ukawaka. Mfumo wa kuwaokoa haukujifyatua. Moto ulikuwa umeshaunguza nyaya zilizopaswa kupeleka amri. Ikabidi amri ipitie redio, na utaratibu uliwataka wasimamizi wawili, kila mmoja katika chumba chake, wabonyeze vitufe vyao wakipishana kwa sekunde zisizozidi 5. Walibonyeza. Roketi ndogo iliyo kwenye mnara wa kileleni ikakinyakua chombo na kukivuta kwa sekunde 5, wanaanga wakielemewa na nguvu ya mara 14 hadi 17 ya uzito wao. Sekunde chache baadaye roketi nzima ikalipuka. Titov na Strekalov walitua kilomita 4 hivi kutoka hapo, wakiwa hai.

Watu hukumbuka mnara wa kuokoa, ambao kweli ulifanya kazi yake. Mimi nawaomba watazame zile nyaya. Mfumo wa kuokoa maisha ulikuwa na njia kuu ya amri iliyopita palepale penye uwezekano mkubwa wa kuwaka moto. Kilichowaokoa ni njia ya pili, ya redio, na watu wawili waliokuwa macho. Wanaanga wenyewe hawakuwa na kitufe. Kwenye Crew Dragon ya leo, chombo cha wanaanga kinachorushwa juu ya Falcon 9, kompyuta ndiyo huamua kwanza, lakini kuna mpini mbele ya viti vya kati ambao mwanaanga anaweza kuuvuta mwenyewe, na wasimamizi wa chini nao wanaweza kutuma amri. Chombo kikitangazwa kuwa salama, idadi ya njia hizo ni jambo la kuulizia.

Sasa tuje kwenye suala lililozua mabishano makali kuliko yote katika miaka ya karibuni: kujaza mafuta watu wakiwa tayari ndani.

Enzi za Apollo, safari za Marekani za kwenda mwezini, na zile za mabasi ya anga (space shuttle), roketi ilijazwa kwanza, ikaachwa itulie, ndipo wanaanga wakapanda. Falcon 9 imegeuza mpango huo. Ratiba yake ya kawaida huenda hivi. Dakika 45 kabla ya kuruka, mkurugenzi wa urushaji anahakikisha kila idara iko tayari kwa kujaza. Dakika 42, daraja la kuingilia linaondolewa ubavuni mwa chombo. Dakika 38 hivi, mfumo wa kuokoa unawekwa tayari kufyatuka. Dakika 35, mafuta na oksijeni vinaanza kuingia. Dakika 16, oksijeni inaanza kuingia katika hatua ya pili ya roketi. Dakika 5, chombo kinahamia kwenye umeme wake chenyewe. Dakika ya mwisho, kompyuta ya roketi inashika usukani na matangi yanapandishwa presha. Sekunde 45, mkurugenzi anatoa idhini ya mwisho. Sekunde 3, injini tisa zinawashwa.

Haraka hiyo inatokana na baridi. Oksijeni ya Falcon 9 hupozwa hadi kama nyuzi 207 chini ya sifuri, ilhali kwa kawaida huchemka kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri. Ikiwa baridi hivyo inashikana zaidi, na tangi lilelile linabeba nyingi zaidi. Ubaya wake ni kwamba ikikaa inapata joto na kutanuka. Ndiyo maana inaingizwa dakika za mwisho, na ndiyo maana roketi hii haivumilii kucheleweshwa: mawingu yakiingia dakika mbili kabla, mara nyingi safari inahamishiwa siku nyingine.

Kamati ya washauri wa NASA, shirika la anga la Marekani, iliyoongozwa na Thomas Stafford, mwanaanga wa zamani, iliupinga mpango huo waziwazi. Kisha tarehe 1 Septemba 2016 Falcon 9 ikalipuka jukwaani Cape Canaveral wakati ikijazwa kwa ajili ya jaribio la injini, ikaondoka na setilaiti ya AMOS-6 iliyokuwa juu yake. Hapakuwa na mtu. Chanzo kilikuwa matangi madogo ya heliamu yanayokaa ndani ya tangi la oksijeni. Kila tangi dogo ni ganda la alumini lililozungushiwa nyuzi za kaboni. Ganda lilikuwa na mikunjo, oksijeni ikapenya kati ya ganda na nyuzi, na kwa ile baridi kali ikaganda pale. Presha ilipopanda, msuguano wa nyuzi ulitosha kuwasha moto. Matangi yakasanifiwa upya, na NASA ikataka roketi ya muundo uleule wa kubeba watu iruke mara 7 kwanza bila watu.

Kwa upande wangu, naona mpango wa kujaza watu wakiwa ndani ni salama kuliko ule wa zamani, sharti ile hatua ya dakika 38 isirukwe hata mara moja. Katika mpango wa zamani, wanaanga na mafundi wa kuwafunga mikanda walitembea kuelekea kwenye roketi iliyokwisha kujaa, mfumo wa kuokoa ukiwa umezimwa kwa sababu mafundi wako mlangoni. Katika mpango mpya, mafuta yanapoanza kuingia hakuna mtu yeyote karibu isipokuwa wale wenye injini za kuwaondoa. Wanaoupinga wana hoja moja nzito: dakika za kujaza ndizo ambazo mambo mengi hubadilika kwa pamoja, joto, presha na uzito. Hoja hiyo inajibiwa kwa matangi mazuri na vihisio vya kutosha. Maneno ya kutuliza watu hayaijibu.

Na injini za kuwaondoa zenyewe zinaweza kuua. Crew Dragon ina injini nane za SuperDraco zilizojengwa ubavuni, zinazotumia vimiminika viwili vinavyowaka vyenyewe vikikutana, bila cheche. Tarehe 20 Aprili 2019, wiki chache baada ya chombo kile kurudi salama kutoka Kituo cha Anga cha Kimataifa bila watu, kilipasuka vipandevipande kwenye jaribio la ardhini. Vali ya njia moja ilikuwa imevujisha kiasi kidogo cha naitrojeni tetroksaidi hadi kwenye bomba la heliamu. Matangi yalipopandishwa presha kwa ghafla, lile tone lilirushwa kama risasi likagonga vali ya titani, na titani ikawaka. Wahandisi wengi walikuwa wameishi na titani na kimiminika hicho miaka mingi bila kuona hatari hiyo. Marekebisho yalikuwa rahisi: vali zile zikaondolewa, zikawekwa sahani nyembamba zinazobaki zimeziba kabisa mpaka presha ya kufyatua izipasue. Mwezi Januari 2020 mfumo ukajaribiwa hewani. Sekunde 85 hivi baada ya kuruka, chombo kitupu kilijitenga na roketi, kikapanda hadi kilomita 40, kikashuka baharini kwa parachuti. Roketi iliyoachwa nyuma ilisambaratika.

Parachuti nazo zina kisa chao. Juni 2015 Falcon 9 iliyobeba mizigo ilipasuka dakika mbili na kitu baada ya kuruka, kwa sababu nondo iliyoshikilia tangi la heliamu ilikatika. Chombo cha mizigo kilichomoka kikiwa kizima na kikaendelea kutuma taarifa mpaka kilipopotelea upeoni. Kiligonga bahari kwa sababu hakuna aliyeandika kwenye programu yake kwamba ajali ikitokea wakati wa kupanda, kifungue parachuti. Parachuti zilikuwepo humo ndani.

Hapo niguse hali ya hewa, kwa kuwa ndiyo inayowaudhi watazamaji kuliko yote: jua linawaka Florida na bado safari imeahirishwa. Upepo kwenye kimo cha mita 49 ukizidi kilomita 48 kwa saa, Falcon 9 hairuki. Radi ikipiga ndani ya kilomita 18.5, wanasubiri dakika 30. Sheria za radi zilikazwa baada ya Apollo 12, Novemba 1969, kupigwa mara mbili, sekunde ya 36 na ya 52, na sehemu kubwa ya umeme wa chombo kuzimika. Ila sababu iliyofichika ni bahari. Chombo kikijitenga njiani kinaweza kutua popote, kuanzia pwani ya Florida, kando ya Marekani na Kanada, hadi karibu na Ireland. Kwa hiyo mawimbi na upepo hupimwa katika sehemu zaidi ya 50 kwenye njia hiyo. Anga likiwa safi Florida na mawimbi yakiwa makubwa mno katikati ya Atlantiki, mfumo wa kuokoa unakuwa nusu tu: utawatoa watu kwenye moto na kuwatia katika maji ambayo waokoaji hawayafikii. Kuahirisha kwa sababu hiyo ni dalili nzuri.

Sasa chombo ambacho hakikuwa na jibu kabisa.

Basi la anga la Marekani lilikuwa na viti vya kuruka nje kwa marubani wawili katika safari nne za kwanza za majaribio. Wafanyakazi walipoongezeka, viti vikaondolewa. Boosta zake mbili, yaani roketi za ubavuni za kusaidia kuinua chombo, zilikuwa za mafuta magumu, na zikishawashwa hazizimiki. Lazima ziwake zaidi ya dakika mbili mpaka ziishe. Katika dakika hizo mbili hapakuwa na njia yoyote ya kutoka.

Boosta hizo zilitengenezwa Utah na kusafirishwa kwa treni zikiwa vipande, kisha zikaunganishwa Florida. Katika kila kiungo cha namna hiyo kulikuwa na sili mbili za mpira, pete zenye unene wa milimita 7 tu zinazozunguka bomba la kipenyo cha mita 3.7. Boosta inapowaka, presha ya ndani inatanua kuta na kiungo kinafunuka kidogo. Sili inatakiwa ifuate ule mwanya na kuuziba papo hapo, kabla ya sekunde moja kuisha. Mpira wa baridi hauna wepesi huo. Aliyewahi kubadilisha mpira wa regyuleta ya mtungi wa gesi anajua kwamba mpira uliokakamaa huvujisha hata ukikaza vipi. Hapa kilichovuja ni gesi yenye joto la nyuzi 3,000 hivi.

Jioni ya 27 Januari 1986, wahandisi wa Thiokol, kampuni iliyotengeneza boosta, akiwemo Roger Boisjoly, walipendekeza basi la anga Challenger, lililotarajiwa kuruka asubuhi yake, lisirushwe kukiwa na baridi chini ya nyuzi 12. Hiyo ndiyo iliyokuwa baridi kali kuliko zote walizowahi kurusha, mwaka mmoja nyuma, na katika safari hiyo masizi yalikuwa yameipita sili ya kwanza. Mazungumzo yalikuwa ya simu. Mameneja wa NASA walishangazwa na pendekezo hilo, mameneja wa kampuni wakaomba dakika chache pembeni, wakarudi na jibu tofauti. Asubuhi hewa ilikuwa nyuzi 2, na kiungo cha chini cha boosta ya kulia, kilichokuwa kivulini, kilikadiriwa kuwa nyuzi 2 chini ya sifuri.

Moshi mweusi ulianza kutoka kwenye kiungo hicho kabla sekunde moja haijaisha. Masalia ya mafuta yaliyoungua yakaziba tundu kwa muda. Sekunde ya 37 chombo kikaingia kwenye upepo mkali unaobadilika kwa kimo, kikayumba. Sekunde ya 58 mwali ulionekana, ukachoma tangi kubwa la mafuta na kishikio cha boosta. Sekunde ya 73 kila kitu kikasambaratika.

Wengi hawajui kilichofuata. Chumba cha wanaanga hakikulipuka. Kilichomoka kikiwa kizima, kikapanda bado hadi kilomita 20 hivi, kisha kikaanguka kwa dakika 2 na sekunde 45, kikagonga bahari kwa kasi ya kilomita 333 kwa saa. Vifaa vinne vya hewa ya dharura vilipatikana chini ya bahari, na vitatu vilikuwa vimewashwa. Wapo kati ya wale saba waliokuwa hai na wenye fahamu baada ya mlipuko, walau kwa muda. Walichokosa ni kitu cha kukitenga chumba kile na parachuti za kukishusha.

Linganisha na Soyuz MS-10, tarehe 11 Oktoba 2018. Aleksey Ovchinin na Nick Hague waliruka kutoka Baikonur. Roketi ya Soyuz ina boosta nne zinazojitenga pamoja kama dakika mbili baada ya kuruka, na kila moja hufungua tundu la oksijeni kileleni ili msukumo wake uisukume mbali na mwili wa roketi. Tundu la mojawapo halikufunguka. Kihisio kinachotambua kwamba boosta imeachia kina fimbo ndogo, na fimbo hiyo ilikuwa imepinda kwa nyuzi 6 na dakika 45 za pembe wakati wa kuunganisha roketi. Basi boosta haikusukumwa nje. Ilirudi ikagonga tangi la mwili wa roketi.

Mnara wa kuokoa ulikuwa umeshatupwa sekunde chache kabla. Kama wasanifu wangeishia kwenye mnara, ile ingekuwa hadithi nyingine. Lakini kwenye ganda la juu la roketi kuna injini nyingine ndogo zilizowekwa kwa ajili ya kipindi hicho baada ya mnara kuondoka. Zilifyatuka zenyewe. Chombo kikapanda hadi kilomita 93, wanaanga wakaelemewa na nguvu ya mara 6.7 ya uzito wao, wakatua karibu na Zhezkazgan dakika 19 na sekunde 41 tangu waruke. Wote wawili waliruka tena Machi iliyofuata.

Fimbo iliyopinda ni ndogo kuliko kidole. Vihisio vinavyodanganya ni tatizo la tangu mwanzo. Tarehe 20 Februari 1962, mwanaanga wa Marekani John Glenn akiwa kwenye mzingo, taarifa ilionyesha kuwa ngao yake ya joto imelegea. Wasimamizi wakaamua arudi bila kuzitupa roketi za kupunguzia mwendo, ili mikanda yake ishikilie ngao. Baadaye ikaonekana swichi ndiyo iliyokuwa mbovu. Vituo vilivyokuwa vikipokea taarifa za safari hizo vilikuwa 18 duniani, na kimoja kilikuwa Tunguu, Unguja, kikafungwa 1964 baada ya Mapinduzi. Wazanzibari wengi wakati ule walikiogopa kituo hicho wakidhani ni cha makombora, na hofu ikawa suala la siasa.

Tuje kwenye takwimu, ambazo hutumika vibaya na pande zote. Mwanafizikia Richard Feynman, aliyekuwa kwenye tume iliyochunguza ajali ya Challenger, alikuta mameneja wakisema uwezekano wa kupoteza chombo ni 1 kati ya 100,000, wahandisi wakisema ni karibu na 1 kati ya 100. Safari 135 za mabasi ya anga zilipoteza vyombo viwili na watu 14. Wahandisi ndio waliokuwa karibu na ukweli. Kwa vyombo vya kibiashara NASA iliweka kiwango cha 1 kati ya 270 kwa safari nzima, na kabla ya wanaanga kupanda Crew Dragon mara ya kwanza, Mei 2020, makadirio yalikuwa 1 kati ya 276. Ukipiga mahesabu, hiyo ni hatari ambayo hakuna shirika la ndege lingeruhusiwa kuwa nayo hata kwa siku moja.

Ndani ya takwimu hiyo, mchango mkubwa hautokani na kuruka. Unatokana na miezi ambayo chombo kimeegeshwa kituoni, kikipigwa na vimondo vidogo na takataka za angani zinazoweza kutoboa ngao ambayo wanaanga watahitaji wakati wa kurudi. Wasiwasi wa watu hukusanyika kwenye dakika 9 za kupanda kwa sababu ndizo zinazoonyeshwa kwenye televisheni. Hata Columbia, basi la anga lingine, mwaka 2003 ilipigwa na kipande cha povu gumu lililofunika tangi la mafuta, chini ya kilo moja, sekunde ya 81 baada ya kuruka. Ikakaa angani siku 16 ikionekana nzima, na ikasambaratika ilipokuwa inarudi. Wahandisi waliomba picha za bawa mara tatu katika siku hizo 16. Hawakupewa. Povu lilikuwa limeanguka katika safari nyingi kabla, na kila chombo kilichorudi salama kilifanya lionekane jambo la kawaida.

Ndiyo maana nilifuatilia Starliner, chombo cha wanaanga cha kampuni ya Boeing, mwaka 2024 nikiangalia zaidi mikutano kuliko chombo. Mwezi Mei safari ilisimamishwa saa mbili hivi kabla, kwa vali ya oksijeni kwenye roketi ya Atlas V iliyokuwa ikitetema. Vali ikabadilishwa, ikaonekana heliamu inavuja kwenye chombo chenyewe. Tarehe 1 Juni kompyuta ya ardhini ikasimamisha kila kitu zikiwa zimebaki dakika 3 na sekunde 50. Butch Wilmore na Suni Williams wakaruka tarehe 5 Juni, uvujaji ule mmoja ukiwa umepimwa na kukubaliwa. Angani ukajitokeza uvujaji mwingine, na walipokaribia kituo, injini ndogo 5 kati ya 28 zikazimika, nne zikarudi baadaye.

Majaribio ya ardhini White Sands, New Mexico, yalionyesha kwamba joto lililojikusanya kwenye vibanda vya injini lilivimbisha sili ya tefloni ndani ya vali, ikabana njia ya kimiminika. Boeing walishikilia kwamba chombo kinaweza kuwarudisha wawili hao. Tarehe 24 Agosti NASA ikasema hapana, na mkuu wake wa wakati huo, Bill Nelson, akataja Challenger na Columbia kwa majina. Starliner ilitua salama bila mtu usiku wa kuamkia 7 Septemba. Wapo wanaosema kutua huko kunathibitisha woga haukuwa na msingi. Sikubaliani nao hata kidogo. Uamuzi hupimwa kwa kilichojulikana siku unapofanywa, na siku ile hakuna aliyeweza kueleza kwa uhakika injini zile zingefanya nini zikipata joto tena. Crew-9, safari ya Crew Dragon, ikaruka Septemba na viti viwili vitupu, rubani kiongozi akiwa Nick Hague yuleyule wa MS-10, na Machi 2025 ikawarudisha wote.

Hao ni wanaanga wa serikali, wenye shirika linaloweka viwango na tume zinazochunguza. Kwa abiria wanaolipa nauli Marekani mambo ni tofauti. Tangu 2004 sheria inamzuia mdhibiti, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani (FAA), kuweka kanuni za usalama wa abiria wa roketi. Anasimamia usalama wa watu walio chini na wa ndege zinazopita. Abiria hupewa maelezo ya hatari kwa maandishi na kutia saini kuwa amekubali. Kizuizi hicho kimeongezwa muda mara kadhaa, na sasa kinakwenda hadi 1 Januari 2028. New Shepard, roketi ya abiria ya kampuni ya Blue Origin, ina injini ya kuokoa iliyofyatuka vizuri Septemba 2022, katika safari isiyokuwa na watu, bomba la injini kuu lilipovunjika. Starship, roketi kubwa ya SpaceX ambayo haijabeba mtu, haina chombo kidogo cha kujitenga. Wasanifu wake wanategemea roketi yenyewe kuaminika kwa kuruka mara nyingi sana. Huenda wakafika huko. Basi la anga nalo lilitegemea hivyo.

Kwa mtu anayepewa karatasi ya kusaini, au ndugu yake, kuna mambo ya kudai yawe kwa maandishi: sekunde ambazo mfumo wa kuokoa haufanyi kazi na sababu yake, mara ngapi umefyatuliwa hewani kwenye chombo cha toleo hilihili, siyo cha toleo lililopita, kasoro zilizoonekana katika safari tatu za mwisho, na kwa kila moja, kama chanzo kimepatikana au imekubaliwa tu, na cheo cha mtu anayeweza kusimamisha urushaji bila kumwomba ruhusa meneja wa ratiba.